Kulima Chini ya Minazi Bila Kuianika Ardhi: Mwongozo kwa Mkulima wa Pwani ya Tanga

Katika vijiji vingi vya Pangani, Muheza na Mkinga, uhodari wa mkulima bado hupimwa kwa weupe wa shamba lake. Shamba likikwatuliwa mpaka mchanga ukang'aa, na majani yakakusanywa pembezoni yakachomwa, wapita njia husema kwamba mwenyewe si mvivu. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye ekari moja hadi tano za minazi ya zamani, pengine ya urithi, ambaye anataka kuchuma humo nazi, muhogo, kunde na machungwa kwa miaka mingi bila kutegemea mbolea ya dukani, na jambo la kwanza unalomtaka ni kuiacha sifa hiyo. Ardhi ya pwani yetu, hasa ile ya kichanga iliyo karibu na bahari, huhifadhi sehemu kubwa ya rutuba yake katika tabaka jembamba la juu lenye mabaki ya mimea. Tabaka hilo likianikwa juani mabaki huoza na kwisha upesi kwa sababu ya joto, na mvua ya masika inapofika huzamisha virutubisho chini kabisa, mahali ambapo mizizi ya kunde na mahindi haivifikii.

Nami niliwahi kuianika. Mwaka wa kwanza niliposhika shamba la marehemu baba, niliwalipa vibarua wakwatue ekari mbili zote, nikajisifu nalo kwa wiki tatu. Ikanyesha mvua moja kubwa ya usiku, asubuhi nikaikuta mizizi midogo ya michungwa imebaki wazi kama nyuzi za mkeka uliochakaa.

Hatua ya kwanza: Tembea shambani kabla ya kushika jembe

Kazi hii ifanywe Januari au Februari, kaskazi ikivuma na ardhi ikiwa kavu. Chukua daftari na uhesabu minazi yako mmoja mmoja. Minazi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa 9 inapaswa kuwa 50 hivi katika ekari moja. Kama unayo 31, basi unajua tangu leo kwamba una mapengo 19, na mapengo hayo ndiyo yatakayopokea michungwa na miche mipya. Andika ni mingapi inayozaa, ni mingapi iliyobaki nguzo bila kilele, na ni ipi ambayo vidaka vyake huanguka kabla ya kufikia kitale. Andika pia ni miti gani ina viota vya majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, kwa sababu hao tutarudi kwao baadaye na watachukua nafasi kubwa kuliko unavyotarajia.

Baada ya hapo chimba shimo la kina cha goti katika sehemu mbili, moja mahali ambapo majani yameachwa yakaoza kwa muda mrefu, kama vile chini ya mwembe, na nyingine mahali palipokuwa pakikwatuliwa kila mwaka. Linganisha rangi, harufu, na idadi ya nyungunyungu. Chukua kopo lililotolewa tako na mfuniko, lisindilie ardhini hadi nusu yake, limiminie maji, na uangalie yanachukua muda gani kupotea katika kila sehemu. Kwenye udongo mwekundu wa Muheza uliopata gamba juu kwa kupigwa na mvua, tofauti hiyo huonekana wazi bila hata kuhitaji saa.

Aina ya udongo unaweza kuitambua kwa chupa. Jaza udongo hadi karibu nusu yake, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mahali patulivu. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja hivi, udongo laini utatua baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuelea mpaka kesho yake. Kwa anayetaka kujua kiasi cha fosforasi au potasi, kituo cha Mlingano cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kilichoko Muheza kimejikita katika mambo ya udongo. Sampuli nzuri huchotwa kutoka sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, zikachanganywa katika ndoo safi na kuanikwa kivulini. Usichote penye jivu, penye samadi wala karibu na zizi, kwa maana majibu utakayopata yatakuwa ya zizi, si ya shamba.

Hatua ya pili: Zima moto, kisha chambua mabaki

Majani yanapochomwa, nitrojeni na salfa iliyomo huondoka na moshi. Potasi hubaki katika jivu, lakini hubaki mahali pamoja, pale palipokuwa na jaa, na mvua ya kwanza huanza kuiyeyusha. Kwa hiyo anayechoma kila mwaka huwa anakusanya rutuba ya ekari nzima, nusu anaipeleka hewani na nusu anaizika pembezoni mwa jirani.

Mnazi mrefu wa kwetu hutoa kuti moja kila mwezi kwa wastani. Ekari yenye minazi 50 hukuletea basi makuti 600 kwa mwaka bila kuyapanda wala kuyanunua. Yanayofaa kuezekea yasukwe, na vifuu viende jikoni, lakini yanayobaki yakatwe vipande viwili au vitatu na kulazwa juu ya ardhi katikati ya mistari. Makuti huoza polepole kwa sababu ni makavu na yana nyuzi nyingi, na polepole hiyo ndiyo faida yake, kwani yatakulindia ardhi masika yote na mara nyingi hata vuli inayofuata.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kuachwa kioze shambani, nacho ni gogo la mnazi. Ndani ya gogo linalooza hutaga chonga, yule bungo mweusi mwenye pembe ambaye hutoboa kilele cha mnazi na kula majani yakiwa bado hayajakunjuka. Mnazi uliotobolewa utautambua kwa makuti yake mapya yaliyokatwa kama kwa mkasi, kwa umbo la pembetatu. Pasua gogo upate mbao au kuni, na lisilofaa kwa lolote lichome, hapo moto una kazi halali. Chonga hutaga pia katika lundo la samadi lililosahauliwa. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na ukiwakuta funza wakubwa weupe waliojikunja, ita kuku. Aliyekwisha kuingia katika kilele mkwezi humtoa kwa waya wenye ndoana nchani, na ni vizuri kumlipa kwa kazi hiyo kando na malipo ya kuangua.

Hatua ya tatu: Yazuie maji yasikimbie

Milimita moja ya mvua juu ya ekari ni takriban lita 4,000. Mvua moja ya masika ya milimita 40 huleta basi lita zaidi ya 160,000 katika ekari yako, na swali ni kama zitaingia ardhini au zitapita tu zikielekea mtoni. Shamba tambarare lililofunikwa halihitaji zaidi ya kifuniko hicho. Lenye mteremko, kama mengi yaliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, lipimwe kwa fremu ya A, yaani miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, ubao wa kukatisha katikati, na kamba yenye jiwe. Fremu hiyo itakuonyesha mistari ya kontua, yaani mistari ya kimo kimoja inayokata mteremko; panda humo majani ya Guatemala au matete. Yatashika udongo na ng'ombe wa ndani atakula.

Hatua ya nne: Heshimu duara la mnazi

Mizizi mingi inayolisha mnazi imo ndani ya mita mbili kutoka shinani. Eneo hilo lisilimwe kwa jembe wala lisipandwe kitu. Ukipiga hesabu, maduara 50 ya mita mbili huchukua kama sehemu moja ya sita tu ya ekari, kwa hiyo anayelalamika kwamba minazi imemmalizia shamba huwa anaonea minazi. Mara nyingi kinachombana ni kivuli, si mizizi.

Makumbi yasiuzwe yote kuwa kuni. Chimba mtaro wa kina cha nusu mita katikati ya mistari ya minazi, nje ya maduara, panga makumbi kwa tabaka, upande wa ndani ukitazama juu kama vikombe, kisha funika kwa udongo. Makumbi hunyonya maji mengi kuliko uzito wake, huyatoa polepole kiangazi, na huachia potasi ambayo mnazi huihitaji kuliko karibu kirutubisho kingine chochote. Kazi ni nzito na inachosha mgongo; mtaro mmoja au miwili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya tano: Panda kwa kufuata kivuli

Minazi michanga hadi kufikia miaka minane hivi, pamoja na mizee iliyopita miaka 25 na kurefuka, huruhusu jua la kutosha kushuka chini. Iliyo katikati ya umri huo hufunga anga, na muhogo uliopandwa chini yake hurefuka ukitafuta mwanga huku ukiacha mizizi myembamba. Katika kivuli kizito panda mananasi au manjano, na magimbi penye unyevu. Penye mwanga ndipo pa muhogo, mahindi na kunde, na mapengo makubwa yaachiwe michungwa.

Mpangilio ninaoupenda ni muhogo wa mita moja kwa moja, na mstari wa kunde katikati ya mistari yake. Kunde hukomaa kabla muhogo haujafunga matawi, kwa hiyo ardhi haikai uchi hata mwezi mmoja. Zikianza kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu uangalie vifundo vya mizizini na ukate kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi ndani, bakteria waliomo wanaifanya kazi ya kuichukua nitrojeni hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi. Wakati wa kuvuna usiing'oe mikunde, ikate juu ya ardhi ili mizizi ibaki. Mbaazi zikae mipakani, na gilirisidia, mti wa jamii ya kunde, iwe ua, ikatwe matawi mara tatu au nne kwa mwaka na majani yake mabichi yatupwe juu ya makuti, ambapo huoza haraka na kusaidia makuti kuoza pia.

Kuhusu mbegu ya muhogo, mkoa wa Tanga una historia yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu na H. H. Storey mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu ya Muheza, na hapo hapo ndipo muhogo ulipovushwa na jamaa yake wa porini, yule mti wa mpira unaotoa utomvu, ili kupata aina zinazostahimili maradhi. Michirizi ni adui mwenye hila kuliko batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Batobato hukunja majani na humwonya mwenye shamba mapema, lakini muhogo wenye michirizi waweza kusimama na majani mazuri mpaka siku unapouchimba na kukuta mizizi ina madoa makavu ya kahawia kama gamba la mti. Wote wawili husambazwa na nzi weupe na, zaidi ya hao, na mkulima mwenyewe anayebeba fimbo za mbegu kutoka kwa shemeji bila kuuliza. Kwa hiyo mbegu ichukuliwe siku ya kuvuna, kutoka kwa shina ambalo mizizi yake umeikata na kuiona safi. Vipande viwe vya sentimita 20 hadi 30 vyenye macho matano au zaidi, na mche utakaoonyesha dalili ndani ya miezi mitatu ung'olewe bila huruma.

Hatua ya sita: Palilia bila kuanika

Hapa ndipo wengi hunipinga, na ndipo mwongozo huu unaposimama au kuanguka. Muhogo na kunde haviwezi kushindana na magugu katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo mistari yake ipaliliwe kwa jembe, mapema na kwa bidii. Lakini ardhi iliyo katikati ya minazi na chini ya michungwa haina haja ya jembe. Ifyekwe kwa kimo cha kifundo cha mguu, na kilichofyekwa kilale pale pale au kisogezwe kwenye mistari. Ndago haifi kwa kufyekwa, lakini haipendi kivuli, na kifuniko kizito huidhoofisha kuliko jembe linalokata na kusambaza vitunguu vyake.

Sababu ya kuacha majani si udongo peke yake. Vidaka vingi vinavyoanguka pwani huangushwa na mdudu mwembamba wa kahawia, wa jamii ya kunguni wa mimea, anayefyonza vidaka na kuviachia majeraha yanayotoa gundi. Jina lake la kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi. Adui yake mkubwa ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mchungwa au mwembe kuwa kiota. Ukisimama karibu na kiota kinachojengwa utaona safu ya majimoto wakivuta kingo mbili za majani kwa miguu na meno, na wengine wakipitapita wamebeba mabuu mdomoni, wakiwagusisha huku na huku. Uzi unaoshona ni hariri ya mabuu hao. Mnazi wanaoutembelea kwa wingi kunguni hawaukai.

Majimoto nao wana mshindani, sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini na wenye askari wa vichwa vikubwa kupita kiasi. Sisimizi hawa hupanda shinani na kuwafukuza majimoto, wala hawamzuii kunguni kama wao. Wanastawi zaidi katika ardhi iliyokwatuliwa ikawa wazi, ilhali penye uoto wa chini nguvu zao hupungua na majimoto huenea. Kumbe weupe wa shamba, tunaoulipia kwa vibarua, ndio unaomtengenezea kunguni njia ya kufikia vidaka.

Wasaidie majimoto kwa kupanda machungwa katikati ya minazi, kwa sababu mnazi wenyewe hauna majani mapana ya kushonea vizuri. Funga kamba kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kugusa ardhi, lakini uunge miti ya koloni moja tu. Ukiunganisha makoloni mawili watauana kwenye kamba hiyo siku nzima. Kuhamisha kiota kimoja kwenda mti mwingine mara nyingi hakuna faida, maana koloni lina viota vingi na malkia ni mmoja, na kiota kilichohama bila yeye hufifia. Usinyunyize sumu katika miti yao. Ni kweli kwamba huwalinda pia wadudu gamba wanaowapa utamu, na ni kweli kwamba wanauma. Mkwezi wangu hujipaka jivu mikononi na miguuni na bado hushuka akitukana. Ongezeko la nazi linalipa matusi hayo.

Hatua ya saba: Rudisha ulichokitoa

Kila gunia la muhogo linaloondoka limebeba potasi ya shamba lako. Maganda yarudi, jivu la jikoni lirudi, na samadi iliyooza vizuri iwekwe kwenye ukingo wa duara la mnazi, karai mbili au tatu mwanzoni mwa masika. Machungwa yaliyoanguka yasiachwe chini, kwani nzi wa matunda hukulia humo; yafunge ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani, au yazikwe kina cha zaidi ya nusu mita.

Mapengo ya minazi yajazwe taratibu, mitano au sita kwa mwaka. Ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huangusha nazi za umri wote, hugeuza makuti kuwa manjano na kuacha nguzo tupu ndani ya miezi michache, hauna tiba. Chagua mbegu kutoka kwa mnazi unaozaa vizuri uliosimama mzima mahali ambapo majirani zake walikufa, wala si mche wowote unaouzwa barabarani.

Hatua ya nane: Daftari

Chagua minazi kumi, ipake chokaa shinani, na kila tarehe mosi uhesabu vidaka vilivyoanguka chini ya kila mmoja pamoja na nazi zilizoanguliwa. Karibu na hesabu hiyo andika kama majimoto walionekana shinani. Mabadiliko ya mwaka wa kwanza hayaonekani, kwa sababu nazi huchukua kama mwaka mzima tangu upunga kufunguka mpaka kukomaa. Kwa hiyo usiamue lolote kabla ya masika mawili kupita, na lile kopo la kupimia maji litie tena ardhini Februari ya mwaka wa tatu, pale pale ulipolitia mara ya kwanza.